Mikono ya Masizi Nyuma ya Fomu

Nianze na rangi, maana najua ndiyo mtakayoniuliza kwanza. Ninyi walimu wa chekechea wa siku hizi mkikosa rangi ya dukani mnakunja mikono, mnaiandikia kamati barua, mnasubiri. Mimi miaka ile ya tisini sikusubiri mtu. Unachukua unga wa muhogo, unapika uji mwepesi, unauacha upoe mpaka usiunguze kidole, kisha unaugawa kwenye vikopo. Kimoja unatia bizari, umepata njano. Kingine unatia udongo mwekundu wa kichuguu uliochujwa kwa kitambaa. Majani ya kunde yaliyotwangwa yanatoa kijani, ila kesho yake kinageuka kahawia, basi siku hiyo mnachora ng'ombe. Masizi ya sufuria yanatoa nyeusi, tena nyeusi isiyotoka kwenye gauni hata uiombee. Bluu ya kufulia inapendeza kuliko zote, lakini hiyo niliwapa wakubwa wa miaka mitano peke yao, kwa sababu wa miaka mitatu wanalamba kila kitu.

Nasema wanalamba kwa sababu nimeshuhudia. Mara ya kwanza kuwapikia rangi, pale Jinja, nilitoka dakika chache kuchota maji. Niliporudi nikakuta vikopo vimekombwa mpaka chini na watoto kumi na wanne wana ndevu za njano. Karatasi zilikuwa safi kabisa. Hajati Zubeda, mwenye darasa lile, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Umewapikia chakula halafu unawakataza wasile?" akaniuliza. "Tia chumvi, mwanangu. Tia nyingi."

Nikatia chumvi, watoto wakaacha kula. Miaka kadhaa baadaye nilikuwa nasaidia darasa dogo kule Nakaloke, nikaanika michoro yote kwenye kamba ili wazazi wakija waione. Mbuzi wa jirani wakaimaliza, kwa utamu wa chumvi ileile. Wazazi walipofika walikuta kamba na vibanio tu, na mzee mmoja akaniuliza kwa heshima kama nguo nimeshaanua.

Huyo Hajati ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa cheti nilikuwa nacho mimi. Yeye hakusomea ualimu hata siku moja. Mjini Jinja alijulikana kwa kuwapaka maharusi hina, na darasa alilianzisha kwenye chumba cha uani baada ya kuchoka kuona watoto wa majirani wakishinda barazani bila kazi. Mimi nilifika pale na chaki zangu na majivuno yangu. Siku ya pili nikawachorea ubaoni nyumba: pembe nne, paa la pembe tatu, mlango katikati, madirisha mawili, jua kwenye kona. Nikawaambia wachore hivyohivyo.

Hajati akaja akasimama nyuma yangu. "Nyumba ya nani hii?"

"Ni nyumba tu, Hajati."

"Nani hapa anakaa ndani yake?"

Hakuna aliyekuwa anakaa ndani yake, bila shaka. Nusu ya wale watoto walikuwa wanaishi chumba kimoja kimoja kwenye nyumba ndefu za safu, mlango unatazamana na mlango. Mtoto mmoja alikuwa ameacha kabisa kuninakili, anazungusha mkaa juu ya karatasi, duara juu ya duara, mpaka karatasi imeanza kutoboka. Nikainama kumrekebisha. Hajati akanipiga kofi la mkononi, kofi la kweli, mbele ya darasa.

"Umeombwa?" akasema. Kisha akamgeukia mtoto, "Hebu nisimulie."

Mtoto akasema ule ni moshi. Mama yake anapikia ndani mvua ikinyesha, na hapo katikati ya moshi yuko yeye anakohoa. Kumbe alikuwa amechora nyumba yao sawasawa, na mimi nilitaka kumwekea madirisha.

Kwa hiyo kanuni za Hajati zilikuwa mbili, na nawapa bure. Usimwulize mtoto "hiki ni nini?", maana utamfanya afikiri kwamba amekosea, mwambie "nisimulie." Na mkono wako usiguse kazi yake. Ukitaka kuchora, chukua karatasi yako, kaa chini naye, uchafuke naye.

Yapo mengine niliyoyaokota mwenyewe. Mtoto wa miaka mitatu usimkimbilie na penseli. Mpe udongo wa mfinyanzi akande, apige, achane majani ya mgomba vipande vidogo. Baada ya miezi michache vidole vinapata nguvu, anajifunga vifungo vya shati mwenyewe, na penseli ukimpa anaishika bila kelele. Kikopo kimoja cha rangi wape watoto wawili, wajifunze kungojana. Ukiwapa kila mtu chake hawajifunzi kitu zaidi ya kumwaga. Brashi tulitengeneza kwa miwa, ambayo Jinja haikuwa shida kupata. Unakata kipande, mtoto anatafuna ncha mpaka inakuwa nyuzi, ananyonya sukari yake, halafu anachorea. Jioni zioshe, la sivyo asubuhi utakuta sisimizi wamefungua darasa kabla yako. Yalinipata hayo, na siku ile tulichora sisimizi.

Basi mume wangu, dereva wa lori la duka moja la jumla, akahamishiwa Mbale, nami nikamfuata. Nikapata kazi ya kufundisha watoto wadogo kwenye kambi ya askari magereza, nje kidogo ya mji. Darasa lilikuwa stoo ya zamani ya sare, bado inanuka dawa ya nondo. Askari wengi walitoka kaskazini na huku mashariki, kila mmoja na lugha ya kwao, kwa hiyo kambi nzima ilizungumza Kiswahili. Mjini watu hawakukipenda, kiliwakumbusha bunduki na amri za miaka iliyopita, na mimi mwenyewe sokoni nilikuwa nanunua nyanya kwa Kiganda. Lakini pale kambini akina mama walikuwa wanabembelezea watoto kwa Kiswahili, na watoto walikuwa wanagombana kwacho, wanaota ndoto kwacho. Nilijisikia nyumbani, kwani mimi mwenyewe ni mtoto wa polisi, nilizaliwa kambini Jinja.

Sasa, kambi ya magereza ni mahali pa mistari. Mawe ya njiani yamepakwa chokaa na kupangwa sawa, vitanda vinakaguliwa, viatu vinakaguliwa. Wazazi wa namna hiyo walitaka kuona mistari kwenye daftari pia: a, a, a, mpaka chini. Mama Nambozo, Mgisu mmoja mwenye sauti inayofika mpaka mji wa pili, Busiu, alikuwa ananikamata kila wiki mlangoni.

"Madam, Nambozo yangu narudi nyumbani na matope. Nauliza, nasoma nini? Yeye nasema udongo! Mimi nalima udongo tangu nazaliwa, sikulipa fizi ya shule!"

Nilikuwa nacheka naye, naye alikuwa ananicheka, na Nambozo alikuwa anaendelea kuja. Sikuwa na wasiwasi. Wasiwasi niliutafuta mwenyewe mwisho wa muhula, kwa akili zangu timamu.

Nilitaka kila mtoto apeleke nyumbani alama ya mikono yake miwili kwenye karatasi. Jambo zuri, mtasema. Wazazi wangeweka ukutani, wangeona mkono ulivyokua. Lakini bizari ilikuwa imeisha, kunde hazikuwepo, kilichobaki ni masizi. Sawa, nikasema, mikono myeusi. Karatasi sikuwa nazo, nikaenda ofisini, karani akanipa furushi la fomu za zamani zisizotumika, upande mmoja mweupe kabisa. Nilifurahi mno, upande wa pili sikuutazama. Nikachukua rula, nikapiga mstari chini ya kila karatasi, nikaandika kwa mwandiko wangu bora jina la mtoto, umri, jina la baba. Chini ya mkono mmoja nikaandika kushoto, chini ya mwingine kulia. Na kwa kuwa watoto hawatulii, nami nilitaka kazi ipendeze machoni pa watu wa mistari, nilimshika kila mmoja kifundo cha mkono, nikamchovya, nikamkandamiza, kidole baada ya kidole. Watoto thelathini na mmoja. Kanuni ya Hajati nilikuwa nimeiacha Jinja pamoja na vyombo vyangu vingine.

Bila shaka ninyi mmeshaona nilichokuwa nafanya. Mimi sikuona.

Saa nane mchana Mama Nambozo akatokea na mtoto mchanga mgongoni na karatasi mkononi.

"Madam! Nambozo ameiba nini?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaigeuza karatasi. Nyuma, kwa herufi kubwa za Kiingereza, kulikuwa na nafasi ya jina la mfungwa, kosa, muda wa kifungo na tarehe ya kuachiliwa. Na upande wa mbele vidole kumi vyeusi, kushoto na kulia, jina, umri, jina la baba.

"Bwana yangu nafanya hii kazi kwa wezi," akasema, sauti yake imeshuka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Mkono ikiingia kwa ile fomu, itarudi pale. Hata kama ni baada ya miaka mingi, itarudi. Wewe umepeleka mutoto yangu ndani."

Hapo ndipo nilipojua kwamba halikuwa jambo la kucheka. Watu wale waliishi kwa mishahara ya jela, walilala kwa kengele ya jela, na jambo moja tu walilokuwa wanamwomba Mungu ni watoto wao wasije wakakaa upande wa pili wa ule ukuta. Jioni ile zilichomwa karatasi nyingi kwenye majiko. Asubuhi walikuja watoto tisa. Mkuu wa kambi akaniita, akaniambia kwa upole kwamba wazazi watakutana Ijumaa alasiri. Wakisema hawalitaki darasa, yeye atairudisha stoo kwa sare.

Niliogopa, siwafichi. Nilikuwa na kazi ile moja tu, lakini si hivyo peke yake. Kabla ya darasa lile, wadogo walikuwa wanaachiwa dada zao wa miaka minane, tisa, na hao dada hawakwenda shule. Stoo ikirudi kwa sare, na wao wangerudi kukaa mlangoni na mtoto mgongoni. Yote hayo kwa sababu mimi sikugeuza karatasi.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, akaingia Sajini Ocen. Huyu ndiye aliyekaa mapokezi ya gereza, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo, kuchukua alama za vidole za kila mfungwa anayeingia. Mtu mrefu, wa maneno machache, mke wake mwenyewe alimwita Afande. Binti yake Akello, wa miaka minne, alikuwa mmoja wa wale tisa. Nilipomwona na ile karatasi ya mikono ya Akello nikajua amekuja kumchukua.

"Mwalimu, hii nani nafanya?"

"Ni Akello, Afande."

"Hapana." Akaiweka juu ya meza, akaielekeza kwenye mwanga. "Akello hapana fanya hii. Angalia hapa kwa dole gumba, imeteleza. Hapa navuta mkono. Hapa naongeza nguvu, wino nachafuka. Mutu ya hii mkono ilikamatwa."

Nikaanza kujitetea, watoto hawatulii, nilitaka ipendeze. Akaniacha nimalize.

"Mimi nafanya hii kazi miaka kumi na saba," akasema. "Mutu akikataa, hata mukiwa watatu, alama nachafuka tu. Mkono naogopa. Mimi nashika kwa sababu ni kazi. Lakini wewe, Mwalimu, kwa nini nashika mutoto kama mimi nashika mufungwa?"

Wakaguzi wa elimu wamenikagua mara nyingi maishani, na kalamu zao na miwani yao. Hakuna aliyewahi kuona kosa langu kama alivyoliona yule askari kwenye alama ya dole gumba. Kumbe fomu haikuwa kosa lenyewe. Hata kama karatasi ingekuwa nyeupe pande zote mbili, ile mikono ilikuwa imekamatwa.

Akello alikuwa amesogea. "Baba, Ticha aliniumiza hapa," akasema, akaonyesha kifundo.

Niliona aibu mpaka masikioni. Nikapiga magoti, nikamwambia Akello anisamehe, nimekosa. Ninyi vijana mtaambiwa kwamba ukimwomba mtoto radhi atakupanda kichwani. Akello aliniambia tu "sawa," akaniuliza kama kuna rangi.

Rangi ilikuwepo, nilikuwa nimenunua bizari asubuhi ile sokoni na kupika uji mzito wa njano, umeshapoa kwenye beseni. Nikatandika sakafuni mfuko wa saruji uliopasuliwa na kusafishwa. "Wacha yeye naweka mwenyewe," akasema Sajini, nami nikaweka mikono yangu nyuma ili isije ikasahau.

Akello akaingiza mkono mpaka kiwiko. Akautazama ukidondoka. Akafikiri, akachagua mahali, akapiga paa! Akapiga tena kando yake, akacheka. Kidole cha mwisho hakikuonekana, na kiganja kimekaa upande. Sajini akachuchumaa, akaiangalia ile alama kwa jicho la kazi, muda mrefu.

"Hii safi," akasema. "Mistari yote naonekana."

"Na wewe, Baba."

Yule bwana akarudisha mkono nyuma haraka, akauficha mgongoni. "Mimi hapana. Mimi nachukua ya watu."

Akello hakumvuta. Alikaa pale na mkono wake wa njano, akisubiri zamu ya mwenzake kwenye beseni kama nilivyokuwa nimemzoeza. Mwisho akasema, "Weka mwenyewe."

Sajini akaangalia mlango. Akafungua kifungo cha mkono wa shati, akaukunja vizuri mara mbili. Akachovya. Mkono ule, wanangu, uliowashika watu wote wale. Akauweka kando ya mkono wa mtoto, taratibu, na alipouinua akashusha pumzi. Akaniambia hakuna mtu aliyewahi kuchukua alama ya mkono wake, na yeye mwenyewe hakuwahi kufikiri kuiweka.

Ijumaa alasiri wazazi walijaa stoo mpaka nje. Nilikuwa nimeandaa hotuba, sikuitoa. Niliwaambia nimekosa mara mbili, kwa fomu na kwa kuwashika watoto wao, na kwamba fomu zote zilizobaki nimezichoma. Ndipo Sajini Ocen akasimama na ule mfuko wa saruji, akaufungua mbele ya watu. Mkono mkubwa na mikono midogo miwili, yote ya njano.

"Kama hii ni rekodi ya wezi," akasema, "na mimi iko ndani."

Nani aliyewahi kumsikia Sajini akitania? Kwanza watu walitazamana, halafu stoo nzima ikalipuka kwa kicheko. Mkuu wa kambi akauliza nani anataka darasa lifungwe, na mkono pekee ulioinuka ulikuwa wa Mama Nambozo. Alikuwa anauliza beseni liko wapi, yeye anataka mkono wake mkubwa uwe juu ya wote. Jumatatu walikuja watoto thelathini na watatu, na Mama Nambozo akanikamata mlangoni kulalamika kuhusu matope.

Lakini ile Ijumaa, watu walipokuwa wanatawanyika, Sajini alibaki nyuma akikunja mfuko wake. Bizari haitoki kwa siku moja, kiganja chake kilikuwa bado cha njano. Akaniambia kwamba asubuhi ile walimletea mfungwa mpya, mtu mzima, amekunja ngumi zote mbili, na askari wawili wanajiandaa kumfungua vidole. Yule mtu akaona kiganja cha Sajini. Akauliza, Afande, hiyo nini? Sajini akamjibu ni mtoto wake, walikuwa wanacheza rangi.

"Akaangalia mkono yangu," Sajini akaniambia. "Akaniuliza jina ya mutoto, nikamwambia. Yeye pia iko na msichana. Halafu akafungua ngumi, Mwalimu, akaweka mkono mwenyewe. Miaka kumi na saba. Huyo ndiyo wa kwanza."